Makali ya Kisu na Mifupa ya Kanga

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na watu wa Ibighi, Tukuyu

Tumeombwa tuseme machache juu ya kisu cha nyumbani, jinsi makali yake yanavyoharibika tutengenezapo kanga, kwale na ndege wengine wa porini, na jinsi ya kuyarudisha yakiisha kuharibika. Yamkini yuko asemaye moyoni mwake, "Je, kisu nacho chataka hotuba?" Twamwomba astahimili kidogo. Katika nyumba nyingi za huku kwetu kisu chema ni kimoja tu. Ndicho kimenyacho ndizi, ndicho kichinjacho, ndicho kikatacho nyama. Kikiingia pengo leo, kesho mama hana budi kutumia nguvu mara mbili, na nguvu hiyo ndiyo iletayo kidonda cha mkono. Tena kile kipande cha chuma kilichomeguka hakikutoweka hewani. Kimeingia mahali, na aghalabu mahali penyewe ni chungu.

Sisi wenyewe twalijua jambo hili kwa aibu yetu. Miaka kadhaa iliyopita tulipata mgeni, mzee mwenye heshima, mjomba wa mama yetu. Ndugu yetu mmoja akatuletea kutoka upande wa Kyela kanga wawili aliowapiga kwa bunduki ya marisawa, naye leseni anayo. Siku ile mama alikuwa amekwenda msibani, nasi tukajiona hodari, tukatwaa kisu chake, kisu chembamba kilichonolewa miaka mingi hata bapa lake likapungua karibu nusu. Tukakata paja juu ya mfupa, wala si katika kiungo. Kisu kikakwama katikati. Badala ya kukitoa kama kilivyoingia, tukakipotoa huku na huku ili mfupa upasuke. Tukasikia mlio mdogo kama ukucha unaovunjika. Tulipokitazama tukaona pengo makalini, ukubwa wake kama punje ya ulezi, na kipande chenyewe hakionekani.

Hapo tungelikuwa na akili tungelisimama. Hatukusimama. Tukaosha nyama mara mbili, tukaitia chunguni. Wakati wa kula, mzee akapewa paja, maana ndiye mgeni. Akatafuna, akanyamaza, akatia kidole kinywani, akatoa kitu kilichong'aa. Hakutugombeza. Alikiweka katika kiganja chake akatunyoshea, akasema, "Mwanangu, hiki si cha kanga." Jino lake moja la pembeni lilikuwa limevunjika. Mama aliporudi akakiona kisu, naye hakusema neno. Ila kwa muda wa siku tatu alimenya ndizi kwa kisu kile chenye pengo, na kila mara kiliponasa katika ganda alikitazama, kisha akatutazama sisi. Twawaambia kweli, afadhali angalitupiga.

Kabla ya kwenda mbele tukumbushane neno moja. Ndege wa porini si wa kila mwenye bunduki au manati. Sheria ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009 yataka mwindaji awe na leseni, na msitu wa Mlima Rungwe ulio jirani yetu ni hifadhi. Tena ndege aliyeokotwa amekufa, asiyejulikana kilichomwua, asiletwe jikoni kabisa. Maneno yetu ni kwa ndege aliyepatikana kwa haki, na kwa kanga wa kufugwa pia.

Basi na tuanze na sababu. Makali ya kisu ni chuma chembamba sana, chembamba kuliko unywele, na wembamba huo ndio ukatao. Kitu chembamba namna hiyo huharibika kwa njia mbili. Njia ya kwanza, makali hulala upande mmoja, kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Haya ndiyo maradhi ya visu vya chuma laini, nayo huponyeka upesi. Njia ya pili, makali humeguka na kuacha pengo. Haya ni maradhi ya visu vya chuma kigumu, navyo ndivyo visu tuvisifuvyo kwa kushika makali siku nyingi. Ugumu una bei yake. Kisu kigumu hukata vema kikishuka chini wima, lakini hakivumilii kupotolewa. Mfupa peke yake hauvunji makali mara nyingi. Makali huvunjwa na mkono unaokipotoa kisu kingali kimebanwa na mfupa.

Wengine watasema, "Mbona kuku wa dukani twamkata kwa kisu hiki hiki, mifupa na vyote, wala hakuna pengo?" Ni kweli. Kuku yule wa kizungu huchinjwa akiwa na umri wa majuma sita au saba, na mifupa yake haijakomaa. Kanga wa porini huenda ameishi miaka miwili au mitatu, anakimbia kutwa, anaruka kulala juu ya miti. Mifupa ya mapaja yake imekauka na kuwa migumu. Na mfupa wa bawa, ule ulio karibu na bega, ni mtupu ndani kama tete. Ukipigwa haukatiki, bali hupasuka vibanzi vikali ambavyo navyo ni hatari kooni. Kwa hiyo asiyetaka kulitazama jambo hili kwa ajili ya kisu, na alitazame kwa ajili ya watoto wake.

Tena kuna marisawa. Ndege aliyepigwa kwa bunduki, kabla hajaguswa na kisu, apapaswe kwanza kwa vidole. Mahali ambapo risasi imeingia pana tundu dogo, na kandokando ya tundu nyama ina rangi ya zambarau, na mara nyingi kinyoya kimevutwa ndani pamoja na risasi. Fuateni kinyoya kile kwa kidole, mtaikuta. Kateni nyama yote iliyovia pande zote, si tundu peke yake, mkaitupe mbali. Marisawa ni ya namna mbili. Yale ya chuma ni magumu, na kisu chembamba kikiyapiga huweza kupata pengo. Yale ya risasi yenyewe ni laini, nayo kisu huyakata bila shida, ila hapo ndipo penye hatari kubwa, maana mtu hajui kwamba ameyakata. Risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kipimo cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa hakina madhara, na waumiao zaidi ni watoto, kwa kuwa huharibu ubongo ungali unakua. Tena Marekani walikataza marisawa ya risasi katika kuwinda mabata nchi nzima tangu mwaka 1991, na nchi za Umoja wa Ulaya zikayakataza katika maeneo ya maji na vinamasi kuanzia mwaka 2023. Neno moja tena kwa akina mama: msiloweke nyama hii katika ndimu au siki kabla ya kuyatoa marisawa yote. Maji makali ya ndimu huyeyusha risasi kidogo kidogo ikaingia nyamani.

Sasa tuje katika kukata kwenyewe. Mchinjaji mzuri hakati mfupa, anatafuta kiungo. Viungo vya ndege vyote vyaweza kuonekana kwa kidole gumba kabla ya kuonekana kwa jicho. Kwa bawa, mshike ndege mgongo chini, ulivute bawa mbali na mwili, ulichezeshe juu na chini, huku kidole gumba kikitafuta mahali panapozunguka. Kata ngozi pale, iwe ngozi tu. Kisha weka kisu chini, ulipinde bawa kwa nyuma kwa mikono miwili mpaka kichwa cha mfupa kitoke katika tundu lake. Utasikia kinatoka. Ndipo uchukue kisu tena upitishe ncha katikati, ukate kano nyeupe zilizobaki, nazo hukatika kama uzi. Kwa paja fanya vivyo hivyo: kata ngozi kati ya paja na ubavu, lipinde paja kuelekea mgongoni, kichwa cha mfupa kitachomoza, pita hapo. Katika kazi hii mikono ndiyo ivunjayo, na kisu hufuata nyuma tu. Mwenye kuikumbuka kanuni hii amekwisha kuokoa nusu ya visu vyake.

Mguu wa chini wenye magamba usikatwe katikati, kwa sababu ndani yake mna kano ngumu zilizopangana kama nyuzi za kamba. Ukate katika kifundo, palipo na gegedu. Kwale dume ana kipi mguuni, nacho ni kigumu, jihadharini kisigonge makali. Shingo nayo ina pingili. Ikunjeni, pingili zitaachana, kisu kitapita katika nafasi. Kidari kina mfupa uliosimama katikati kama mkuku wa jahazi. Asilete mtu ubishi na mkuku huo. Kisu kishuke kando yake, bapa likiuegemea mfupa, na makali yakielekea nyamani, ncha ikikwangua polepole hata nyama yote itoke kipande kimoja. Ule mfupa mdogo wenye pacha ulio mbele ya kidari utolewe mapema, maana ndio ukamatao ncha za visu na kuzivunja.

Na ikiwa lazima mgongo upasuliwe, kama vile kwa ndege wa kuchoma? Hapo kisu cha nyumbani kipumzike. Tumieni mkasi mnene, au panga, au kishoka kidogo. Makali ya panga ni manene, yametengenezwa kwa kazi hiyo. Tumeona mahali fulani mtu akiweka kisu chembamba juu ya mgongo wa kanga na kukipiga kwa mchi, na mgongo ukapasuka kweli, na kisu kikapasuka pamoja nao.

Firigisi tumeiacha nyuma kwa makusudi, kwa kuwa wengi hawamdhanii adui huyu. Kanga hana meno, naye humeza mchanga na vijiwe vya kumsagia punje tumboni mwake. Vijiwe hivyo ni vigumu kuliko chuma cha kisu. Anayepasua firigisi kwa nguvu kutoka upande hata upande amekinoa kisu chake kinyume. Njia njema ni hii: kata nyama ya nje polepole kufuata ukingo wake mnene, mpaka uone utando wa manjano ndani. Ukiuona, acha kisu. Fungua kwa vidole viwili, mfuko ule wa manjano utavuliwa mzima pamoja na mchanga wake wote, kama soksi. Katika nyumba nyingi firigisi ni ya baba, na baba hapendi kuuma mchanga. Vivyo hivyo manyoya ya ndege ajiogeshaye vumbini yamejaa udongo. Anyonyolewe yote na kuoshwa kabla ya kisu kugusa ngozi.

Jambo jingine ni mahali pa kukatia. Hapa kwetu wengi hukatia juu ya jiwe, au juu ya sahani ya kauri, au ukingoni mwa sufuria. Kauri ni ngumu kuliko kisu, na jiwe hali kadhalika. Kila makali yanapogonga chini yanalala kidogo, na jioni mama asema kisu kimechoka. Kibao cha mti ndicho kifaacho, mti usio mgumu mno, uliolainishwa vema. Twawaonya juu ya mianzi. Tunajua mianzi ni sifa ya nchi yetu, na tangu zamani nyumba za Wanyakyusa zimesifiwa kwa mianzi yake iliyopangwa safi. Lakini ndani ya mwanzi mna chembechembe za namna ya mchanga, nazo hula makali. Msikatie nyama juu ya mwanzi, wala kisu cha nyama kisitumwe kupasua mwanzi.

Basi tuseme pengo limekwisha kuingia. Kazi ya kwanza si kunoa. Kazi ya kwanza ni kukitafuta kipande. Simameni hapo hapo, msioshe nyama bado, maana maji hukipeleka msikokujua. Inueni kibao taratibu, tazameni juu yake, kisha katika mfupa uliokuwa unakatwa, kwa kuwa mara nyingi kipande hubaki kimekwama humo. Tochi imulikwe kutoka ubavuni, chuma kitang'aa. Sumaku nayo yasaidia sana. Spika ya redio iliyokufa ina sumaku nyuma yake; ifungeni katika mfuko safi wa nailoni, mwipitishe juu ya nyama na kibao. Kipande kikionekana, kilinganisheni na pengo kwa macho, mjue kama ni chote au kimebaki kingine. Kisipoonekana, nyama yote ya mahali pale ikatwe na kufukiwa, asiipate mtoto wala mbwa. Ni hasara, twakiri. Nasi tungetoa kanga kumi leo tupate kulirudisha jino la mzee yule.

Baada ya hayo, kisu. Makali yaliyolala tu, bila pengo, hayahitaji jiwe kali. Yapitisheni juu ya fito la chuma kama la muuza nyama, au juu ya kitako cha kikombe cha kauri, pale penye duara lisilopakwa rangi, mara tano upande huu na mara tano upande huu, kwa mkono mwepesi. Yatasimama. Pengo dogo sana, lile lisiloonekana ila kwa kulielekeza kwenye jua, nalo liacheni. Litakwisha lenyewe katika kunoa kwa kawaida mara tatu au nne. Wako wenye bidii nyingi ambao kwa pengo kama la unywele humaliza robo ya kisu. Huko ni kukiua kisu kwa dawa.

Pengo kubwa ndilo lenye kazi. Kosa la watu wengi ni kunoa pale penye pengo peke yake. Wakifanya hivyo pengo hupanuka, na makali huwa na bonde kama mwezi mwandamo, na kisu hakigusi kibao sawasawa tena. Tulipokipeleka kisu cha mama kwa mhunzi, sisi nasi tulikuwa tumekwisha kuanza kosa hilo. Mhunzi yule ni mzee aliyeshuka kutoka Ukinga. Wote mwajua kwamba Wakinga wa milima ya Livingstone walikuwa wahunzi tangu zamani, na majembe yao na mikuki yao ilishuka huku kwetu kubadilishwa kwa chakula, kabla ya mabati na misumari ya dukani. Akakishika kisu, akakielekeza kwenye mwanga, akacheka kidogo. "Mwanangu," akasema, "umelichimba kaburi lizidi urefu. Sasa tuushushe mlima wote ulingane na bonde." Ndiyo kanuni yenyewe. Pengo la milimita moja halizibiki kwa kitu chochote. Makali yote, kutoka mpinini hata nchani, hushushwa milimita moja.

Alifanya hivi. Akatwaa kinoo kikali akakilowesha maji, akakisimamisha kisu wima, makali chini, akakisugua moja kwa moja juu ya jiwe mpaka pengo likatoweka. Tulishtuka, maana kisu kilikuwa butu kabisa kama mgongo wa kijiko. Hakujali. Ndipo akakilaza, akaanza kunoa upande mmoja, kisha wa pili, idadi sawa. Hapa walimu waliopo watatusaidia kuwafundisha watoto kipimo cha kulaza kisu. Chukua karatasi yenye pembe ya mraba, ambayo ni digrii 90. Ikunje pembe mara moja, utapata 45. Ikunje tena, utapata 22 na nusu. Kiweke kipande hicho juu ya kinoo, kisu kilale sambamba nacho au chini yake kidogo, na mkono usibadili kipimo hicho toka mwanzo hata mwisho. Kwa kisu cha kutengenezea ndege hapo ndipo pafaapo. Kikilazwa zaidi, makali yatakuwa membamba mno, yafaa kwa nyanya na mchicha lakini hayawezi kiungo cha kanga.

Endelea na upande mmoja mpaka uzi mwembamba wa chuma uliojikunja uhisiwe upande wa pili. Uupapase kwa kidole kutoka mgongoni kwenda makalini, kamwe usipitishe kidole kufuata urefu wa makali. Uzi huo ukiwako kutoka mpinini hata nchani, upande ule umefika, geuza. Uzi ukitokea upande wa pili, hamia jiwe laini, urudie kwa mkono mwepesi zaidi, hata uzi wenyewe ukatike. Asiye na vinoo viwili anunue msasa wa dukani wa kulowesha maji, namba 220 kwa kuanzia, kisha 400, kisha 1000, aulaze juu ya kipande cha kioo au ubao ulionyooka. Akivuta kisu, akivute kwa nyuma, makali yasije yakauchana. Mwisho kabisa kisu kipigwe juu ya mkanda wa ngozi, kikivutwa kinyume cha makali, mara kumi au ishirini. Kazi yote kwa mkono ni saa moja au saa na nusu. Kisu kilichoshushwa mara nyingi huwa na makali manene, kwa kuwa bapa huongezeka unene kwenda juu. Hicho kipunguzwe mashavu pia kwa jiwe kali, la sivyo kitakuwa kikali lakini hakipenyi.

Juu ya mawe yetu ya asili twasema hivi. Mawe meusi ya volkano yenye vitundu, yaliyojaa mitoni mwetu, yafaa kwa panga na jembe, si kwa kumalizia kisu, maana vitundu vyake hukamata makali. Tafuteni lile lisilo na vitundu, ambalo ukilipapasa likiwa na maji lahisi kama ulimi wa ng'ombe, si kama ulimi wa paka.

Sasa moto. Wako wanoaji wapitao na cherehe ya baiskeli, na yako mawe ya umeme katika karakana za kuchomelea vyuma. Hatuwakatazi kuwaendea, kwa pengo kubwa wanaokoa muda. Lakini jiwe likavu liendalo mbio latia makali moto mkali kwa nukta chache. Chuma kigumu cha visu vingi huanza kulainika kikipita kama digrii 200, na rangi ya buluu ikitokea makalini jueni kimefika karibu na 300. Hapo kisu kimepoteza ugumu wake. Kitanoleka asubuhi na jioni kitakuwa butu. Kwa hiyo ombeni beseni la maji liwekwe kando, na kisu kichovywe kila baada ya mguso mmoja au miwili. Kidole kikishindwa kuvumilia joto la bapa, jiwe lisimame. Kisu kilichokwisha kuwa buluu, ama kinolewe hata sehemu ile iishe, ama kipelekwe kwa mhunzi akipashe upya mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike, akizamishe katika mafuta, kisha akirudishie joto dogo kwa kiasi mpaka rangi ya majani makavu ionekane. Kazi hiyo mtu asiijaribu nyumbani kwa mara ya kwanza kwa kisu cha mama yake. Kwa sababu hiyo hiyo kisu kisitumiwe kugeuzia ndizi makaani, kama tulivyoona mara nyingi.

Limebaki neno la kutu. Nchi yetu ya Rungwe ni ya mvua nyingi kupita sehemu kubwa ya Tanzania, na kisu kilichoachwa na damu ya ndege usiku mmoja tu hutoboka vidoa asubuhi, na kila kidoa kilicho makalini ni pengo changa. Kioshwe papo hapo, kipanguswe kikauke, kipakwe mafuta kidogo ya kupikia, kitiwe katika ala iliyo kavu. Ala ya ngozi yenye unyevu ni kama kukilaza kisu matopeni. Kutu ikiwa imekwisha kuingia, majivu laini yaliyochungwa na tone la mafuta huiondoa bila kula chuma kingi.

Kisu cha mama kingali kinatumika hata leo. Kimepungua upana, na mpini tumeutia mpya wa mti, lakini kinakata, na kila ajapo ndege nyumbani hukileta mwenyewe mkononi mwetu, kisha hukaa karibu akitazama tutakapoweka kidole gumba. Tumekuja na vinoo viwili, beseni la maji, mkanda wa ngozi, na kanga mmoja wa kufugwa ambaye hajakatwa. Aliye na kisu chenye pengo na akilete hapa mbele sasa. Tutaanza na cha mzee aliyekaa karibu na mlango, maana tangu tulipoanza kusema tumemwona akikipapasa kwa kidole.